Deka Hakuchelewa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kumgusa mgonjwa hata mmoja. Ilikuwa Griftu, upande wa Wajir Magharibi, siku ya soko la mifugo, na benchi la kliniki ya wajawazito lilikuwa limejaa wanawake walioacha mbuzi wao kwa jamaa ili wapimwe upesi warudi sokoni. Msimamizi wa kituo, muuguzi wa kiume aliyekaribia kustaafu, alivua saa yake ya mkononi akanipa.

"Hesabu pumzi," alisema. "Dakika nzima kwa kila mmoja. Si nusu dakika halafu uzidishe kwa mbili."

"Nikishahesabu?"

"Andika. Halafu nenda kwa anayefuata. Ukichoka uniambie, nikutafutie kibanda cha kuuza chai huko sokoni."

Nilihesabu mpaka adhuhuri. Mama mmoja, akidhani mimi si wa huku kwa sababu ya sare, aliwaambia wenzake kwa Kisomali, "Serikali imetuletea msichana wa kututazama vifua." Nikamjibu kwa Kisomali hicho hicho kwamba kifua chake kimehema mara kumi na nane na hakina tatizo, ila ulimi wake sijaupima. Walicheka hadi msimamizi akachungulia kutoka ofisini.

Baada ya miezi michache niliweza kuketi mbele ya mwanamke, nikamuuliza habari za ngamia na za mvua, na huku nikawa nimeshapata idadi yake chini ya shela. Mtu mzima aliyetulia huhema kati ya mara kumi na mbili na ishirini kwa dakika. Mjamzito huvuta pumzi ndefu zaidi, lakini idadi haipandi sana. Ikipita ishirini na nne akiwa ameketi tu, jambo lipo, hata kama yeye mwenyewe anasema yuko sawa. Wanawake wa huku husema wako sawa mpaka waanguke.

Nawaeleza haya nyinyi wauguzi vijana kwa sababu kazi hiyo niliyofundishwa siku ya kwanza niliifanya nusu nusu siku iliyokuwa muhimu kuliko zote, na mwanamke akafa. Jina lake lilikuwa Deka. Karatasi za hospitali zinasema alichelewa kufika. Hizo karatasi zina sahihi yangu. Sasa nimestaafu, hakuna anayeweza kunihamisha, na hasira niliyokuwa nikiimeza haitaki tena kumezwa.

Kutoka Griftu nilihamishiwa Kotile, huko Ijara. Mkubwa wangu pale alikuwa afisa wa kliniki, mtu mwembamba aliyependa kufundisha kwa kuchora nyuma ya maboksi ya dawa. Siku moja tulipata mjamzito mwenye nimonia aliyezidiwa kwa muda wa saa chache tu, na mimi nikashangaa, kwa sababu wiki ile ile kaka yake alikuwa na nimonia na alikuwa akitembea. Afisa akachukua boksi akachora.

"Haya ni mapafu. Hapa chini ndipo ulipo msuli unaoyavuta. Mimba ikifika mwezi wa saba, mtoto anausukuma huu msuli juu. Mama bado anapata hewa ya kumtosha yeye na mtoto, lakini hana akiba. Wewe na mimi tumeingia kiangazi na jerikani tatu za maji. Yeye ameingia na moja. Tukimwagikiwa sote kidogo, nani atakufa kiu?"

"Yeye."

"Basi usimlinganishe na kaka yake."

Mama yule tulimvusha kwa mtungi wa oksijeni ulioazimwa, na alijifungua baadaye. Boksi lile nililibeba kwenye mizigo yangu hadi likachanika.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa msimamizi wa leba, wodi ya kujifungulia, katika hospitali moja mjini Garissa. Sitaitaja. Aliyefanya kazi pale ataijua, na asiyewahi kufanya kazi pale haimhusu, kwa sababu niliyoyaona yangeweza kutokea popote penye mlango na waraka ubandikwao mlangoni.

Korona ilipokuja tuliambiwa ni ugonjwa wa wazee, wa wenye kisukari na wa waliotoka ng'ambo. Katika mkutano wa kwanza niliuliza habari za wajawazito. Msimamizi Mkuu wa hospitali, daktari ambaye kwa muda mrefu alikuwa ametibu makabrasha zaidi kuliko watu, alinitazama kama niliyeuliza habari za harusi.

"Sista, hao ni vijana. Vijana watakohoa wiki moja na kupona."

"Wana jerikani moja," nilisema.

"Wana nini?"

Nikaketi. Hilo ni kosa langu la kwanza katika habari hii, na mtaona mengine.

Leo mambo haya yako vitabuni, lakini nitayasema kwa lugha nyepesi. Wajawazito wengi wakipata korona hupona kama watu wengine. Lakini ukimchukua mwanamke mjamzito na mwenzake wa umri ule ule asiye na mimba, mjamzito ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kuhitaji oksijeni, ya kulazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na ya kufa. Hatari hupanda akiwa amepita miaka thelathini na mitano, akiwa na kisukari, hata kile cha mimba, akiwa na shinikizo la damu au uzito mkubwa. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au kufia tumboni. Chanjo humkinga mama. Zilipofika kwetu, kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kumchanja mjamzito, na walioogopa zaidi walikuwa sisi wenye sindano. Akina mama walipotuuliza tuliwaambia wasubiri wajifungue kwanza. Deka alikuwa mmoja wa walioambiwa hivyo.

Tuliletewa vile vibanio vya kupima oksijeni kidoleni. Mnavijua: kinabana kidole, kinapitisha mwanga kwenye ukucha, kinasoma namba. Kwa mjamzito tunataka tisini na tano au zaidi. Ikishuka chini ya hapo, usingoje. Lakini wanawake wetu hupaka hina, na wakienda harusini hupaka piko, ile nyeusi, mpaka kucha zinakuwa kama lami. Piko huzuia mwanga. Tuliona mama anayetembea na kucheka akisomwa sabini. Vijana wakaanza kukimbizana na mitungi bila sababu, na mitungi ilikuwa michache. Kwa hiyo mimi, msimamizi, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika tangazo nikalibandika ukutani: USIAMINI MASHINE KIDOLE KIKIWA NA PIKO.

Someni tena tangazo hilo. Linawaambia wasichoamini. Haliwaambii wafanye nini badala yake. Ningeweza kuongeza maneno machache tu: geuza kibanio kibane kidole ubavuni, au bana ndewe ya sikio, na uhesabu pumzi dakika nzima. Nafasi ilikuwepo kwenye karatasi. Sikuongeza, kwa sababu nilidhani kila mtu anajua.

Deka aliletwa na mumewe, Bishar, kutoka Balambala, mwaka wa pili wa korona. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mimba ya sita, mwezi wa nane ukianza, na kwenye kitabu chake cha kliniki kulikuwa kumeandikwa sukari. Siku kumi kabla alikuwa amemwoza mdogo wake. Harusini ndipo alipopata vyote viwili, kikohozi na piko.

Alifika langoni saa tatu na robo asubuhi. Nazijua dakika kwa sababu askari wa lango aliandika, na mimi mwenyewe nilimwona akishuka kwenye gari akatembea kwa miguu yake mpaka kwenye hema.

Hema lilikuwa nje ya leba. Msimamizi Mkuu alikuwa ametoa waraka: mama yeyote anayekohoa asiingie leba mpaka majibu ya kipimo yatoke. Msimamizi wa wodi ya korona naye alikuwa na waraka wake: mjamzito asiingie kule kwa sababu hakuna mkunga. Kati ya nyaraka hizo mbili ndipo lilipokuwa hema, na ndani ya hema mlikuwa na kiti cha plastiki na kitanda kimoja.

Afisa wa kliniki wa zamu, kijana mpole, alimbana kidole akaniita mlangoni.

"Sista, inasoma themanini na nne. Lakini ana piko mikono yote, na miguu pia."

"Anazungumza?"

"Anazungumza. Ameniuliza kama nimeoa."

"Umebana sikio?"

Alitazama chini. "Amejifunga shela, Sista. Siwezi kumwambia mke wa mtu afunue sikio. Ni wewe uliandika tusiamini mashine."

Nilikuwa na akina mama watatu leba, mmoja akisukuma. Ningeweza kuvuka hatua ishirini nikafunua shela ile mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Nilinyoosha shingo nikamtazama Deka kwa mbali. Alikuwa ameketi wima, amekamata magoti kwa mikono yake myeusi. Nikahesabu pumzi kwa nusu dakika, nikapata kumi na saba, na aliyekuwa akisukuma akaniita. Kumi na saba. Nilipokuwa nikinawa mikono nilikuwa nayo kichwani hiyo kumi na saba kama hesabu nzima. Ilikuwa nusu. Mwanamke yule alikuwa akihema mara thelathini na nne kwa dakika, na msichana wa siku ya kwanza Griftu angelijua hilo.

Saa tano yule kijana aliniambia Deka anazidi kuhema, nikampigia simu msimamizi wa wodi ya korona.

"Mchukue huyu mama, aanze oksijeni wakati tunangoja majibu."

"Sista Habiba, akianza uchungu hapa nani atamzalisha? Mimi nina wazee wamejaa mpaka korido. Huyo ni wako."

"Akiingia kwangu bila majibu nitaandikiwa barua."

"Na mimi nikimpokea nitaandikiwa. Sasa tufanyeje?"

Tukakata simu, kila mmoja akiwa ameiokoa ajira yake.

Bishar hakuruhusiwa kupita langoni. Alisimama nje ya seng'enge na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, na kila nilipopita aliniita.

"Eddo," aliniita, yaani shangazi, kwa heshima, "ameshaingia ndani?"

"Bado, tunangoja majibu."

"Majibu ya nini? Mke wangu hapati hewa. Hewa nayo mpaka ijibiwe?"

Nilimwambia awe na subira. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote kwa watu wa huku, na mara nyingi nilimaanisha wanyamaze.

Saa tisa alasiri aliingia zamu daktari wa uzazi, mwanamke aliyehamia kwetu kutoka Mombasa wiki ile. Alipita hemani kabla ya kuingia kokote. Hakusoma tangazo langu, hakuuliza habari za waraka. Alikichukua kibanio, akakigeuza kikabana kidole ubavuni, mwanga ukapita kando ya ukucha. Sekunde tano.

"Sabini na nane," alisema. "Nani anamhudumia huyu?"

Yule kijana wa zamu alinigeukia.

"Nimeuliza nani anamhudumia."

"Ni wangu," nilisema.

"Tangu saa ngapi?"

Nikamwambia. Alinitazama, na mpaka leo sijatazamwa hivyo tena na mtu. Kisha akashika upande mmoja wa kitanda, nami nikashika mwingine, tukapita juu ya nyaraka zote mbili hadi leba. Deka aliwekewa oksijeni. Tuligombea mtungi wa pili, tukaupata. Kesho yake asubuhi, namba yake ilipokuwa haipandi, daktari akaamua mtoto atolewe kwa upasuaji ili mapafu yapate nafasi. Bishar alitia sahihi bila kuuliza ukoo wala mzee yeyote, jambo ambalo wanaume wengi wangetuzungusha nalo siku nzima. Mtoto wa kike alitoka mdogo, akalia. Deka alifariki siku ya tatu. Kitanda cha mahututi kilikuwa kinatafutwa mji mwingine.

Kila mama akifariki hukaliwa kikao, ili ijulikane alicheleweshwa wapi: nyumbani, njiani au hospitalini. Kikao ni kitu kizuri kikifanywa na watu wanaotaka kujua. Msimamizi Mkuu alikifungua kwa swali moja.

"Alianza kuugua lini?"

"Siku nne kabla," nilisema. "Mama yake alitaka aletwe jioni ya kuamkia siku ile. Mume akasema wangoje gari la alfajiri."

"Basi ndiyo hiyo. Kuchelewa nyumbani."

"Alikaa hemani kutoka saa tatu hadi saa tisa," daktari wa Mombasa alisema.

"Akingoja majibu, kwa mujibu wa utaratibu. Utaratibu si ucheleweshaji." Akanisukumia fomu. "Sista, umebakiza muda gani ustaafu?"

"Mwaka mmoja na kidogo."

"Mwaka huisha upesi ukiwa na amani."

Hakunitisha zaidi ya hapo. Hakuhitaji. Fomu ilisema mama alichelewa kufika, na mimi nikaitia sahihi, na daktari wa Mombasa akakataa kuitia yake, akahamishwa kabla ya mvua kunyesha. Nilistaafu kwa amani. Walinipa blanketi na hotuba.

Sasa nina wakati wa kufikiri, na nikifikiri sipati utulivu ambao wastaafu huandika kwamba wameupata. Ninawakasirikia wenye nyaraka. Ninakikasirikia kizazi changu cha wauguzi, tuliojifunza kutii vizuri kuliko kuhesabu. Ninajikasirikia mimi. Nyinyi vijana mna vibanio vizuri zaidi, na korona mnaizungumzia kama habari ya zamani. Haijaondoka, na mapafu ya wajawazito hayajapata jerikani ya pili. Mkiona mjamzito anakohoa na anahema, mpeni hewa kwanza, majibu yatamkuta akiwa hai. Mchanjeni. Na msibandike ukutani onyo lisilosema la kufanya.

Mwaka jana nilikwenda Balambala. Nilimkuta Bishar karibu na mto Tana akinywesha mbuzi. Alinitambua kwa sauti. Nikamwambia yote, kuanzia nusu dakika yangu hadi fomu. Alinisikiliza huku akichora mchangani kwa fimbo.

"Eddo, miaka yote hii unayajua?"

"Nayajua."

"Mimi nimekuwa nikiihesabu jioni ile moja. Nasema, ningemtafutia gari jioni." Akafuta mchoro wake kwa mguu. "Mtoto yuko kwa bibi yake. Waliposoma karatasi ya hospitali, bibi alisema, 'Mtu aliyemngojesha binti yangu hatalea binti wa binti yangu.' Kwa sheria ya ukoo wetu mtoto ni wangu. Wazee wangenipa siku ile ile. Nikaona bibi amesema kweli, sikumdai."

Sikumwambia kwamba jioni ile haikuwa na uzito wowote, kwa kuwa sijui. Nilimwambia ninachojua: mkewe alifika akitembea, akitania, na hewa ilikuwepo hatua ishirini kutoka alipoketi.

"Usiniambie mimi," alisema. "Kamwambie yeye."

Bibi yake mtoto ni mwanamke mrefu anayeitwa Hawo. Alinipokea vizuri mpaka nilipotaja hospitali. Nilisema kila kitu, naye hakunikatiza ila mara mbili.

"Alifika saa ngapi?"

"Saa tatu na robo asubuhi."

"Na wewe ulimfikia saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Ile karatasi uliyotia mkono wako iko wapi?"

"Hospitalini."

"Nenda ukaiandike upya. Usirudi kwangu mikono mitupu."

Nilikwenda. Karani wa kumbukumbu aliniambia faili imefungwa na mstaafu haruhusiwi kuigusa. Nikarudi nyumbani nikaandika kwa mkono wangu, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, saa aliyofika, nani alimwona, nani hakumwona, pumzi zilizohesabiwa nusu, na jina langu kamili chini. Sehemu kubwa ya mliyosoma hapa inatoka humo.

Nilimsomea Hawo nyumbani kwake. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili. Kisha akamwita mjukuu wake, akamvika viatu, akamfunga shela kichwani, akamwambia, "Twende kwa baba yako."

Walitoka. Mimi hakuniaga.